Fizikia Haijamfungia Mungu Nje, na Pasta Asishangilie

Base yetu iko Umoja Innercore, mbele ya kibanda cha fundi wa simu, hatua chache kutoka kwa mzee wa mutura. Jioni tukishakusanyika pale hakuna mada ndogo. Juzi ilikuwa ni nani alimuua nani kwa siasa, kabla ya hapo tulibishana wiki nzima kama samaki hulala. Wiki mbili zilizopita zamu ilimfikia Mungu.

Fundi ndiye alianza. Alikuwa ameifungua simu ya mtu mgongo, bisibisi iko mdomoni. Akaitoa akasema, "Wasee, hii stori iliisha kitambo. Kawi haiumbwi, haiharibiwi. Dunia ni mfumo uliofungwa. Mungu akitaka kusogeza hata unywele mmoja lazima alete kawi kutoka nje. Akiileta tutaipima. Hatujawahi kuipima. Kwisha."

Watu wakacheka, wengine wakampiga mgongo. Halafu mmoja akanigeukia: "Si wewe ulikuwa unasomea haya maneno? Sema kitu."

Sikusema kitu. Nilisoma fizikia chuoni miaka miwili, karo ikanishinda, nikarudi mtaani nikaanza kuuza maandishi kwa yeyote anayelipa. Mtu aliyeacha chuo huzoea kunyamaza akiulizwa mambo ya chuo, kwa sababu akijibu vizuri swali linalofuata ni kwa nini aliacha. Basi nikala mutura yangu. Lakini maneno ya fundi yamenikaa kooni tangu siku hiyo, na kwa kuwa hapa hakuna wa kuniuliza cheti, nitamjibu hapa.

Fundi, umekosea, na umekosea kwenye neno dogo kuliko yote. Neno lenyewe ni "ikiwa".

Sheria unayoitaja haisemi kwamba ulimwengu umefungwa. Inasema: ikiwa mfumo umefungwa, jumla ya kawi iliyo ndani haibadiliki. Shuleni tuliandikiwa sentensi yote ubaoni, tukabeba nusu ya pili tukaacha ya kwanza. Chukua M-Pesa yako. Ikiwa hakuna aliyekutumia, na wewe hujatoa wala hujalipa mtu, salio la asubuhi ndilo salio la jioni. Hiyo ni kweli, haina mchezo. Sasa kuna mtu mwenye akili timamu atakayesema, "Salio halipandi lenyewe, kwa hivyo shangazi yako wa Doha hayupo"? Siku shangazi akituma, salio litapanda, na hakuna sheria itakayovunjika. Kitakachojulikana tu ni kwamba akaunti haikuwa imefungwa. Kama imefungwa au haijafungwa, hilo huwezi kulipata kwa kukariri sheria ya salio. Lazima ulijue kwa njia nyingine.

Kwa hivyo mtu akisema "fizikia inasema mfumo umefungwa, basi hakuna wa nje", ameanza na jibu akalivalisha koti la swali. Amedhani hakuna wa nje, ndiyo maana akauita mfumo umefungwa, ndiyo maana hakuna wa nje. Pasta akizunguka hivyo madhabahuni sisi ndio wa kwanza kumcheka.

Na hoja yenyewe si ya jana. Mwaka 1643 Elisabeth, binti wa mfalme wa Bohemia, alimwandikia Descartes akamuuliza kitu rahisi: roho isiyo na mwili inausukumaje mwili? Descartes alizungukazunguka. Baadaye akaja Leibniz, akaleta hesabu za mwendo, akasema roho haiwezi kugeuza hata mwelekeo wa chembe bila kuvuruga jumla. Hapo fundi wangu angepiga makofi. Ila Leibniz alimwamini Mungu, tena sana. Kwake yeye mfumo kujiendesha wenyewe bila kusukumwasukumwa ulikuwa ushahidi kwamba uliundwa vizuri tangu mwanzo. Hoja ileile, mmoja anaitumia kumfukuza Mungu, mwingine kumsifu. Ukiona kisu kinakata pande zote mbili hivyo, jua si kisu cha kukatia kesi.

Sasa nisijifanye kwamba fundi hana kitu. Anacho. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Marekani, Wilbur Atwater na wenzake walikuwa wakiwafungia watu kwenye chumba kidogo kilichozibwa, siku kadhaa, wanapima chakula kilichoingia, joto lililotoka, kazi iliyofanyika. Kilichoingia na kilichotoka vilikaribiana sana. Kama ndani yetu kuna roho inayosukuma mikono na miguu jinsi msee wa mkokoteni anavyosukuma mzigo Gikomba, ule msukumo haukuonekana kwenye hesabu. Anayeamini roho ya namna hiyo ana kazi ya kueleza, na kumpigia fundi kelele za "ushindwe" si maelezo.

Lakini kutoka kwenye chumba cha Atwater hadi ulimwengu mzima ni safari ndefu, na njiani kuna shimo ambalo wapenda video za mtandaoni hawaambiwi. Mwaka 1918 Emmy Noether, mwanahesabu Mjerumani, alionesha kawi inahifadhiwa kwa nini: ni kwa sababu kanuni za mchezo hazibadiliki kadiri muda unavyosonga, leo ni kama jana. Pale hali hiyo inapokosekana, uhifadhi nao hauna mshiko. Na ulimwengu wetu unapanuka. Mwanga uliosafiri kutoka nyota za mbali sana unafika hapa ukiwa umechoka, kawi yake imepungua, na ukiuliza ile iliyopungua imeingia akaunti gani, nadharia ya Einstein haina jibu rahisi la kukupa kwa ulimwengu mzima kwa pamoja. Sisemi Mungu ndiye ameichukua. Nasema tu kwamba yule anayetuambia vitabu vya ulimwengu mzima vimeshafungwa na vikabalansi hajavisoma.

Nilisema sitaandika kama lekchara. Nirudi nyumbani.

Usidhani mambo haya ni ya Wazungu pekee. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Kwa sababu ya tarehe na mahali, wakaipa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama miale ya eksirei kutoka angani, na ni kwa msaada wake wataalamu walianza kushuku kwamba kile kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Mtu unaweza kumaliza shule yote hapa Kenya usisikie hii habari. Mimi niliisikia chuoni, mwaka wa pili, kwa mhadhiri aliyeitaja kama mzaha kabla ya kufuta ubao.

Naitaja kwa sababu mbili zinazovutana. Ya kwanza ni dhidi ya fundi. Hewa iliyotuzunguka huzuia eksirei za angani. Ungeweza kukaa Uhuru Park na chombo kizuri kuliko vyote, miaka mia, ukaandika kila usiku: hakuna kitu. Ungekuwa umesema kweli kuhusu chombo chako na umesema uongo kuhusu mbingu.

Ya pili ni dhidi ya mtu ambaye sasa hivi anasoma huku anaitikia amina. Tulia. Kile Uhuru ilichokiona, ilikiona kwa sababu ni sehemu ya mfumo. Shimo jeusi lina uzito, linavuta, linapimika. Ukimweka Mungu kwenye foleni hiyo, kwamba yupo tu ila mashine haijafika, umemfanya kitu kimoja kati ya vitu, kimejificha, kinangoja setilaiti. Na siku setilaiti itakapofika ikakuta kitu kingine pale, utamhamisha tena. Nimeona watu wakimhamisha hivyo maisha yangu yote. Alikuwa kwenye radi, akahamishwa. Alikuwa kwenye kifafa, akahamishwa. Sasa wamempangia chumba ndani ya chembe ndogo kuliko zote, kule ambako mambo hutokea kwa bahati, wakisema hapo ndipo anapogusa bila kuonekana. Mpangaji anayehamishwa kila mwezi mwisho wake unajulikana.

Okot p'Bitek aliliona hili zamani, ingawa yeye alikuwa akigombana na watu wengine. Wengi wetu tunamjua kwa mashairi tu. Lakini mwaka 1970 alitoa kitabu kuhusu wasomi wa Magharibi na dini za Kiafrika, na ndani yake kuna kisa ambacho sikisahau. Mwaka 1911 mapadri Waitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliwaumba? Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile ya mapadri, basi swali likatoka kama "nani aliwafinyanga?" Wazee wakafikiri. Mmoja akakumbuka kwamba mtu huzaliwa sawa, kisha ugonjwa wa uti wa mgongo unamkunja, unamfinyanga upya. Na anayefanya hivyo ni Rubanga, pepo wa kibiongo. Akajibu: Rubanga. Mapadri wakaandika, wakafurahi, na tangu hapo pepo wa kibiongo akawa jina la Mungu Muumba.

Kosa halikuwa la wazee. Walijibu walichoulizwa. Uliza "nani hufinyanga" na utapewa mfinyanzi. Vivyo hivyo, uliza "nani husukuma vitu kutoka nje ya mfumo" na utapata mungu msukumaji. Fundi atakwambia hayupo, pasta atakwambia yupo na namba yake ya paybill hii hapa. Wote wawili wanamzungumzia yuleyule Rubanga. Ndiyo maana ubishi wao hauishi: wamekubaliana kila kitu isipokuwa jibu.

Sasa nimgeukie pasta, maana huyu ndiye anayetugharimu zaidi. Ubishi wa fundi bei yake ni mutura ya shilingi hamsini.

Ijumaa usiku, tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba la ghorofa sita liliporomoka Huruma. Tulikuwa tunaishi Kariobangi Kaskazini, nilikuwa kidato cha kwanza, shule zimefungwa. Asubuhi mathe na wamama wenzake wa chama walibeba chai na mandazi wakaenda kuwapa vijana waliokuwa wakichimbua kwa mikono, nikabebeshwa birika. Tulisimama nyuma ya kamba. Nilichokumbuka baadaye si mayowe, ni ukimya. Kila baada ya muda mtu alipiga filimbi, mamia ya watu wakanyamaza ili wasikie kama kuna anayegonga chini ya zege.

Takriban watu hamsini walikufa. Baada ya saa zipatazo themanini alitolewa mtoto mchanga akiwa hai. Siku ya sita walitolewa wengine wanne. Mtaa mzima ukasema muujiza, na mimi sikumcheka aliyesema hivyo wakati ule, wala leo simcheki. Mtu aliyesimama pale ana haki ya neno lolote lililomtoka.

Tatizo ni neno la pili. Kwenye mazishi niliyohudhuria na mathe, mhubiri alisema wafu ni mapenzi ya Mungu, kazi yake haina makosa. Watu wakaitikia. Mimi nikawa najiuliza, kwa akili yangu ya miaka kumi na minne: na nguzo je? Maana maafisa walikuwa wamekiri wenyewe kwamba jengo lile lilishatajwa kuwa hatari na lilipaswa kubomolewa, na watu wakaachwa waendelee kulipa kodi ndani yake.

Hapo ndipo ninapokubali mfumo uliofungwa, tena ufungwe kwa kufuli. Injinia anayechunguza jengo lililoanguka anafunga hesabu: uzito wa slabu, simiti ilikuwa kiasi gani, vyuma vinene vipi, maji yaliingia wapi, udongo wa kando ya mto ulibeba nini. Kila kilo lazima iwe na mwenyewe. Ukiandika "Mungu" kwenye orodha hiyo, hata mstari mmoja, kuna mtu mwenye jina na kitambulisho umemfutia deni. Mwenye ploti aliyebania simiti hahitaji wakili mzuri kuliko pasta anayesema siku zao zilikuwa zimefika.

Na serikali yetu? Mwaka huohuo wa 2016 ilikisajili chama cha wakanamungu wa Kenya, kisha baada ya miezi michache ikakisimamisha kwa madai ya kulinda amani na utulivu. Barua ya kuwafungia watu wasioamini ilipata mtu wa kuisaini. Mimi ningeogopa nguzo kwanza.

Nikisema hivi kuna watakaodhani nimemaliza upande wa fundi. Sivyo. Injinia anafunga hesabu kwa sababu kazi yake inadai hivyo, si kwa sababu ameona ukingo wa ulimwengu akakuta hakuna mlango. Anaweza kutoka pale akaenda misa. Kufunga hesabu ya jengo ni uaminifu. Kufunga ulimwengu mzima kwa hesabu hiyohiyo ni kujaza fomu usiyopewa.

Haya yote ningeyaacha yabaki ya base kama si nguzo ya kwetu.

Tunakaa ghorofa ya nne. Chini, nguzo ya tatu ukiingia kwa geti ina ufa. Niliuona mwezi wa tatu. Nikaweka alama za penseli pande zote mbili na tarehe, jinsi tulivyofundishwa. Keateka akaona, akapiga plasta juu yake na rangi ya krimu, akasema nisitie watu wasiwasi. Ufa ukatokea tena kwenye plasta. Nikaenda kwa fundi, huyohuyo, nikamwomba kipande cha kioo cha simu iliyovunjika na gundi ile kali. Ukibandika kioo chembamba juu ya ufa, nguzo ikisogea hata kidogo kioo kinapasuka, hakijui kudanganya. Fundi alinipa bure. Akaniuliza ni ya nini, nikamwambia, akaacha kucheka.

Mathe naye alikuwa ameshaijua nguzo. Jumapili moja nilimkuta pale asubuhi na mapema, viatu vya kanisani mguuni, mkono wake uko juu ya nguzo, macho yamefungwa. Nilingoja amalize. Halafu, na hili sijivunii, nikamwambia maneno ya fundi. Nikamwambia, "Mama, hakuna kawi inayotoka kwa mkono wako kuingia kwenye hiyo simiti."

Akaniangalia jinsi anavyomwangalia konda aliyemzidishia nauli.

"Wewe kijana," akasema, "unafikiri mimi naomba ili Mungu ashuke na mfuko wa simiti?"

"Sasa unaomba nini?"

"Nani alikwambia maombi ni ya kuuliza-uliza?" Akachukua kibeti chake akaenda kanisani. Mpaka leo hajanijibu, na mimi nimeacha kuuliza. Lakini nimelirudia swali lake mara nyingi kuliko swali lolote nililopewa kwenye mtihani. Miaka hii yote nilikuwa nimemwekea mama yangu yule Rubanga mkononi, halafu nikajipongeza kwa kumwonesha kwamba hayupo.

Kioo kilipasuka siku ya kumi na tisa.

Nilimwonesha mathe kipande. Hakusema tuombe, wala hakusema Mungu atatulinda. Alikaa kitandani akapiga simu kwa wamama wa chama, mmoja baada ya mwingine, na kufikia saa nne usiku alikuwa amepata vyumba viwili Kariobangi South, nyumba ya chini, kodi imezidi ya sasa kwa elfu mbili. Tunahama Jumamosi. Depositi hatutarudishiwa, keateka ameshasema hatukutoa notisi ya mwezi mmoja.

Lakini kwenye hili jumba kuna milango thelathini na sita. Nimeandika karatasi yenye tarehe ya alama za kwanza, tarehe ya kioo, na picha, nikaibandika penye ngazi. Keateka ameitoa mara mbili. Jana jioni fundi alinichapishia nakala ishirini kwa mashine ya jirani yake, akakataa hela. Tukapanda naye ngazi tukizipitisha chini ya milango, na mathe mbele yetu akibisha, akiwaambia wenye nyumba kwa majina ya watoto wao: Mama nanii, hebu amka, soma hii.